Homa ya ini C: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima, kutibiwa na kupona

Ugonjwa huu una dawa ya vidonge inayouponya kabisa ndani ya miezi miwili au mitatu. Hata hivyo, hadi mwisho wa 2022, katika kila watu 100 waliokuwa na maambukizi sugu duniani, ni takriban 36 tu waliokuwa wamegunduliwa, na 20 tu waliokuwa wametibiwa. Maswali mengi hapa chini yanazunguka pengo hilo: mtu anapita wapi tangu siku anapotobolewa kidole hadi siku anapoambiwa amepona, na ni wapi njiani anapopotea.

Homa ya ini C ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi vya hepatitisi C, ambavyo husafiri kwa damu. Jina lenyewe la Kiswahili linapotosha kidogo. Ukisikia "homa" unasubiri mwili uchemke, na wengi walioambukizwa hawapati homa yoyote. Herufi nazo si madaraja ya ukali. A, B na C ni virusi tofauti kabisa. A huja kwa chakula na maji machafu na kwa kawaida huisha yenyewe. B ina chanjo, na ina dawa za kuidhibiti. C haina chanjo, lakini ina tiba ya kuimaliza.

Kwa hiyo aliyechanjwa dhidi ya B hana kinga dhidi ya C. Ni kosa la kawaida kudhani vinginevyo, na majibu ya kipimo cha B hayasemi lolote kuhusu C.

Sijisikii vibaya. Nipime ya nini?

Kwa sababu ini halilalamiki mapema. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa, miili ya 30 hivi huvifukuza virusi yenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki huishi navyo, wengine kwa miaka mingi bila kujua, huku ini likijeruhiwa kidogo kidogo na kujaa makovu. Ndani ya miaka 20, kati ya watu 15 na 30 katika kila 100 wenye maambukizi sugu hufikia hatua ya ini kusinyaa. Baadhi yao hupata saratani ya ini. Macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu: hizo ni dalili za kuchelewa, si za kuanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 242,000 walikufa kwa homa ya ini C mwaka 2022.

Nani hasa anapaswa kupima?

Aliyewahi kuongezewa damu kabla damu ya kuchangia haijaanza kupimwa virusi hivi. Kipimo chenyewe kilipatikana mwaka 1990, na mahali pengi kilichelewa kufika. Aliyewahi kujidunga dawa za kulevya, hata mara moja, hata zamani sana. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo. Anayeishi na VVU. Aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi. Aliyechanjwa chale, kutogwa au kuchorwa tatuu kwa kifaa kilichotumika kwa mwingine. Mhudumu wa afya aliyejichoma sindano kazini. Mfungwa. Mtu ambaye vipimo vya ini vimeonekana kupanda na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Orodha kama hiyo ina kasoro moja kubwa: inamtaka mtu ajitambulishe. Wengi hawatasema mbele ya dirisha la mapokezi kwamba waliwahi kujidunga, na wengine hawajui kwamba sindano waliyochomwa utotoni ilikuwa imechemshwa nusunusu. Ndiyo maana mahali ambapo maambukizi ni mengi ni afadhali kumpima kila mtu mzima mara moja, bila kumuuliza historia yake. Kipimo kikiwa cha wote, hakimuaibishi yeyote.

Naweza kuambukizwa kwa kula au kulala na mwenye virusi hivi?

Kula naye, kumkumbatia, kutumia choo kimoja: hapana. Kwa ngono, uwezekano ni mdogo sana kwa wenzi wa muda mrefu wa kiume na kike, lakini huongezeka kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, hasa wenye VVU, na popote panapotokea damu. Wembe, mswaki na kikata kucha kila mtu awe na chake.

Nimepimwa, nikaambiwa nina kingamwili za C. Ina maana naumwa?

Bado hujui, na hata aliyekupima bado hajui. Kipimo cha kwanza, kile cha tone la damu au mate kinachotoa majibu ndani ya dakika chache, kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kukutana na virusi. Ni kama nyayo mchangani: zinakuambia mtu alipita, hazikuambii kama bado yuko ndani ya ua. Aliyefukuza virusi mwenyewe ana kingamwili. Aliyetibiwa akapona anazo. Anayeumwa leo anazo pia.

Kinachotofautisha ni kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu: kipimo cha RNA, ambacho wengi wanakijua kama kipimo cha wingi wa virusi, au mahali pengine kipimo cha antijeni ya kiini cha kirusi. Kikionyesha virusi, una maambukizi na unastahili dawa. Kisipoonyesha, huna ugonjwa huu kwa sasa.

Usikubali kurudishwa nyumbani na nusu ya majibu. Wako watu wanaobeba kwa miaka karatasi iliyoandikwa "ana homa ya ini C" kwa kipimo cha kingamwili peke yake, wakajinyima ndoa na kazi, kumbe virusi viliondoka zamani. Na wako wa upande wa pili, ambao waliambiwa "tutakupigia" na hawakupigiwa.

Jambo jingine: kingamwili huchelewa kutokea, mara nyingi kati ya wiki 8 na 11 baada ya kuambukizwa, ilhali virusi vyenyewe huweza kuonekana ndani ya wiki moja au mbili. Kama umejichoma sindano juzi, kipimo cha kingamwili kikisema "hakuna" kisikutulize. Omba cha RNA, au rudia baadaye.

Mbona watu wengi hawafiki kwenye kipimo hicho cha pili?

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye tatizo lote, kuliko hata bei ya dawa. Mtu anapimwa leo, anaambiwa aje wiki ijayo kutolewa damu ya mshipa. Sampuli inasafirishwa hadi maabara ya mji mkubwa. Majibu yanarudi baada ya wiki kadhaa. Anaitwa tena, anapewa rufaa kwa bingwa, bingwa anataka vipimo vingine. Mtu huyu haumwi popote. Ana vibarua vyake, nauli ni yake, na kila safari ni siku isiyo na kipato.

Piga hesabu ya kubuni. Chukua watu 100 wenye virusi, na useme kila safari ya ziada inakupotezea robo yao. Baada ya safari ya kwanza wamebaki 75. Baada ya ya pili, 56. Baada ya ya tatu, 42. Hakuna aliyekataa dawa wala aliyefukuzwa. Wamechoka tu.

Dawa ya hilo inajulikana. Ya kwanza, na ndiyo rahisi kuliko zote, ni kuchukua damu mara moja kwa ajili ya vipimo vyote viwili: maabara ikikuta kingamwili, inapima virusi papo hapo kwa sampuli ileile, bila kusubiri daktari aandike fomu mpya wala mgonjwa arudi. Ya pili ni matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, ambayo husafiri bila barafu na bila fundi wa kutoa damu ya mshipa. Ya tatu ni kupima virusi palepale kituoni. Mashine za GeneXpert, ambazo vituo vingi vinazo tayari kwa ajili ya kifua kikuu, zina katriji ya homa ya ini C inayotumia damu ya kidole na kutoa majibu kwa muda wa saa moja hivi. Mara nyingi mashine ipo, inafanya kazi nusu siku, na chumba cha pili hakijui kwamba inaweza kutumika kwa ugonjwa mwingine.

Naweza kujipima mwenyewe?

Ndiyo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kujipima mwaka 2021, na mwaka 2024 likaidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hiyo, kinachotumia ute wa kinywani. Kinafaa sana kwa mtu asiyetaka kuonekana kliniki. Ila ni kipimo cha kingamwili. Yote tuliyosema juu ya nyayo mchangani yanabaki palepale.

Virusi vimethibitishwa. Lazima nimwone bingwa wa ini?

Wengi hawahitaji. Zamani ilibidi, kwa sababu dawa zilikuwa kali na kila aina ya kirusi ilikuwa na dawa yake. Leo dawa zilizopo hufanya kazi kwa aina zote kuu za kirusi, kwa hiyo mara nyingi hakuna haja ya kupima ni aina ipi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza upimaji na matibabu yafanyike katika vituo vya kawaida, yakitolewa hata na wauguzi na madaktari wasio mabingwa waliopewa mafunzo.

Kinachotakiwa kujulikana kabla ya kuanza ni kama ini limeshasinyaa. Hilo hukadiriwa kwa hesabu ndogo inayotumia umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), vipimo vya kawaida vya damu. Hakuna haja ya kuchomwa sindano ya kuchukua kipande cha ini. Bingwa abaki kwa wale wanaomhitaji kweli: mwenye tumbo lililojaa maji, aliyewahi kutapika damu au kuchanganyikiwa kwa sababu ya ini, mwenye uvimbe kwenye ini, au ambaye dawa ya kwanza ilishindwa.

Dawa zenyewe ni zipi?

Zinazotumika zaidi ni sofosbuvir pamoja na daclatasvir, au sofosbuvir pamoja na velpatasvir, kwa wiki 12. Na glecaprevir pamoja na pibrentasvir, kwa wiki 8 kwa wengi. Mwenye ini lililosinyaa anayetumia sofosbuvir na daclatasvir huweza kupewa wiki 24. Ni vidonge vya kila siku. Zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona. Watoto kuanzia miaka 3 nao wanaweza kutibiwa.

Maudhi ni madogo: kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu kidogo. Ukisikia mtu akisimulia tiba ya homa ya ini C iliyomlaza kitandani, huenda anazungumzia enzi za interferon: sindano za kila wiki, wengine hadi wiki 48, na sonona juu yake, na walioponywa walikuwa nusu hivi. Hadithi hizo bado zinawaogopesha watu, ingawa tiba hiyo imekwisha kuachwa.

Nimwambie nini mhudumu kabla ya kuanza?

Kila unachomeza, pamoja na dawa za asili. Rifampicin ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, kama carbamazepine na phenytoin, hupunguza sana nguvu ya dawa hizi. Amiodarone ya moyo ikichanganywa na sofosbuvir inaweza kushusha mapigo ya moyo kwa kiwango cha hatari. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazole, huzuia velpatasvir isifyonzwe vizuri. Baadhi ya dawa za VVU zinahitaji kubadilishwa au kurekebishwa dozi.

Pia upimwe homa ya ini B. Kwa mwenye zote mbili, C ikiondolewa B inaweza kuamka na kuleta madhara makubwa. Haikuzuii kutibiwa, inabidi tu ijulikane mapema.

Dawa ni ghali kiasi gani?

Inategemea unauliza wapi, na hicho ndicho kiini cha malalamiko. Sofosbuvir ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013, kampuni ya Gilead iliiuza dola 84,000 kwa wiki 12, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Mwaka uliofuata Misri ilijadiliana na kampuni hiyohiyo ikapata dozi kamili kwa dola 900. Mwaka huohuo viwanda vya India vilipewa leseni za kutengeneza dawa hiyo kwa ajili ya nchi nyingi maskini, na 2015 daclatasvir nayo ikapata leseni kupitia Medicines Patent Pool, shirika linalojadiliana na makampuni kuhusu leseni za dawa kwa ajili ya nchi maskini. Leo dozi ya wiki 12 ya sofosbuvir na daclatasvir inaweza kununuliwa kwa takriban dola 60 katika baadhi ya manunuzi ya nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sasa kwa nini mgonjwa bado anatajiwa bei kubwa dirishani? Wakati mwingine nchi yake imeachwa nje ya leseni, hasa zile za kipato cha kati, na hataza, yaani haki ya kampuni ya kuitengeneza dawa peke yake, bado inalindwa. Wakati mwingine leseni ipo lakini hakuna kiwanda kilichoisajili dawa hapo, kwa sababu wagonjwa waliogunduliwa ni wachache na soko halionekani. Wagonjwa hawagunduliwi kwa sababu dawa haipo, na dawa haiji kwa sababu wagonjwa hawajagunduliwa. Mduara huo huvunjwa na mnunuzi mmoja mkubwa, ambaye kwa kawaida ni serikali au bima ya taifa, anayeagiza kwa wingi kabla foleni haijaonekana. Dawa hizi zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, kwa hiyo hoja ya kuziingiza kwenye orodha ya taifa ipo mezani.

Kuna nchi iliyofaulu?

Misri, na inafaa kuisimulia kwa sababu ilianza vibaya kuliko wote. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampeni za kutibu kichocho zilitumia sindano zilizorudiwa mtu hadi mtu. Nia ilikuwa njema. Sindano zilisambaza virusi ambavyo hakuna aliyevijua bado. Matokeo yake Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani.

Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, nchi hiyo ilipima karibu watu milioni 50 kwa miezi saba hivi. Hawakuitwa "wagonjwa wa ini". Walialikwa watu wazima wote, na pamoja na C walipimwa sukari, shinikizo la damu na uzito, hivyo kusimama kwenye foleni hakukumaanisha chochote. Waliokutwa na virusi walipata dawa bure. Gharama ya kumponya mtu mmoja ilikuwa takriban dola 130. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia kiwango cha dhahabu kwenye njia ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Rwanda nayo ilitangaza mpango wake wa kutokomeza mwishoni mwa 2018. Si lazima kuwa tajiri. Inabidi tu kuacha kusubiri mgonjwa aje mwenyewe.

Ninajidunga bado, au nakunywa pombe. Watanikatalia?

Wasikukatalie. Kujidunga au kunywa si sababu ya kitabibu ya kumnyima mtu dawa hizi, na wanaojidunga hupona vizuri kama wengine. Zaidi ya hayo, kila anayeponywa hawezi tena kumwambukiza mwenzake. Kituo kinachotoa methadoni (dawa inayopewa watumiaji wa heroini badala yake) na sindano mpya ndicho mahali pazuri kuliko pote pa kutolea dawa ya C, kwa sababu mtu tayari anafika hapo. Kupunguza pombe ni ushauri mwema kwa ini lolote lililojeruhiwa, lakini ni ushauri tu.

Mimi ni mjamzito. Je, mtoto?

Takriban watoto 5 au 6 katika kila 100 huambukizwa na mama mwenye virusi, na zaidi kama mama ana VVU visivyodhibitiwa. Kwa kawaida matibabu husubiri hadi baada ya kujifungua. Unaweza kunyonyesha, ila ukiwa na chuchu zilizopasuka na kutoa damu usimame hadi zipone. Kingamwili za mama hukaa kwa mtoto muda mrefu, kwa hiyo kipimo cha kingamwili kabla ya miezi 18 kitamdanganya mtu. Kwa mtoto mdogo zaidi hupimwa RNA.

Nimemaliza dozi. Nimepona?

Utajua wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, kwa kipimo cha RNA. Virusi visipoonekana, umepona, na huitwi tena mgonjwa. Tafadhali urudi kwa kipimo hicho. Ndicho wengi wanachoruka kwa sababu wanajisikia wazima.

Hifadhi karatasi ya majibu hayo. Kingamwili zitabaki kwenye damu yako pengine maisha yako yote, na siku utakapopimwa kazini au hospitali nyingine utaambiwa upya kwamba una homa ya ini C. Karatasi hiyo ndiyo itakayokujibia. Kupona pia hakukupi kinga: ukikutana na virusi tena unaweza kuambukizwa tena, na utatibiwa tena.

Kama ini lilikuwa limeshasinyaa kabla ya dawa, endelea na ultrasaundi kila miezi sita, kwa sababu hatari ya saratani hupungua bila kuisha.

Na dawa ikishindwa?

Hutokea kwa wachache. Baadhi ya vijitawi vya kirusi vinavyopatikana Afrika, kikiwemo kile cha 4r kilichoonekana Rwanda, vilionyesha ukaidi kwa baadhi ya dawa za awali. Mchanganyiko wa sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir umewaponya wengi walioshindwa mara ya kwanza. Hapa ndipo bingwa anahitajika.

Kituo chetu ni kidogo. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kuhesabu safari. Fuateni mgonjwa mmoja kwenye karatasi: anakuja mara ngapi kabla ya kidonge cha kwanza? Kisha ondoeni safari moja. Ulizeni maabara kama inaweza kupima virusi kwa sampuli ileile bila fomu ya pili. Ulizeni chumba cha kifua kikuu kama mashine ina nafasi mchana. Pimeni C kwa wanaokuja kliniki ya VVU na ya methadoni, kwa kuwa wapo tayari. Mteueni mtu mmoja mwenye simu na daftari, ambaye kazi yake ni kumtafuta kila aliyepatikana na kingamwili hadi majibu ya pili yamfikie mkononi. Mtu huyo na simu yake wataleta tofauti kubwa kuliko bango lolote.

Nikishapona naweza kuchangia damu?

Kwa kawaida hapana, kwa sababu benki za damu hukataa damu yoyote yenye kingamwili za C, na zako hazitaondoka.